Kwa nini madabodi za zamani zina chipseti ya kampuni nyingine

Mkuu, umesema umenunua desktop ya mtumba Arusha, prosesa ni ya AMD lakini chipseti, yaani chipu za kwenye madabodi (bodi kuu) zinazounganisha prosesa na vifaa vingine, ni ya kampuni nyingine kabisa, na jamaa yako anakwambia umeuziwa feki. Unataka pia kuifunga SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Hiyo mashine ni halali. Nimefungua kompyuta hapa Moshi tangu 2006 na za namna hiyo zimepita mikononi mwangu nyingi mno.

Enzi zile prosesa haikuongea na RAM (kumbukumbu ya muda) moja kwa moja. Katikati palikuwa na chipu kubwa, ile yenye kipozeo chake. Ya pili, chini yake, ilibeba hadidiski, USB na sauti. Hizo mbili ndizo chipseti. Kampuni za VIA, SiS na ALi, zote za Taiwan, zilikula hapo, na AMD wakati wa prosesa zake za Athlon za mwanzo iliwategemea sana kwa sababu chipseti zake yenyewe zilikuwa chache.

Shida ni kwamba njia ya mawasiliano kati ya prosesa na chipseti ni mali ya mwenye prosesa. Ni kama kupanga fremu: biashara ikichanganya, mwenye fremu anakumbuka mkataba. Mwaka 1999 Intel, mtengenezaji mwingine wa prosesa, ilikuwa inasukuma RAM za Rambus, ghali kweli kweli. VIA ikaja na chipseti ya Apollo Pro133A inayotumia SDRAM, RAM ya kawaida, ikauza vizuri. Intel ikaishtaki. Mwaka 2001 VIA ikatoa chipseti ya P4X266 kwa ajili ya prosesa ya Pentium 4 bila leseni ya Intel, wakarudi mahakamani, na watengenezaji wakubwa wa madabodi wakaogopa kuigusa chipu ile. SiS ilichukua leseni, ikauza kwa amani. Ugomvi wa VIA ulimalizwa kwa makubaliano Aprili 2003.

Mimi naamini kesi ziliwajeruhi tu hawa watengenezaji wa chipseti. Kilichowamaliza ni AMD kuingiza kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa kwenye Athlon 64, mwaka huo huo wa 2003, na Intel kufanya hivyo 2008 kwa Nehalem. Kazi ya ile chipu kubwa ikapungua. Nvidia na chipseti zake za nForce ilijaribu kung'ang'ania, ikafikishana mahakamani na Intel 2009. Januari 2011 Intel ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, lakini ruhusa ya chipseti za prosesa mpya haikutoka. ATI, nayo mtengenezaji wa chipseti, ilishanunuliwa na AMD 2006.

Hata leo ukinunua madabodi ya B550, chipseti imebuniwa na ASMedia ya Taiwan, ila jina linalouzwa ni la AMD.

Sasa SSD yako. Miaka ya nyuma shule moja ya huku iliniletea desktop yenye chipseti ya kampuni ya tatu, sitaitaja. Nikafunga hadidiski mpya ya SATA (aina ya muunganisho wa diski), BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, haikuiona. Nikairudisha dukani kwa maneno makali, nikabadilishiwa, ya pili nayo kimya. Usiku nikaiinamia na tochi, nikaona pini nne ndogo pembeni ya soketi ya waya wa data. Hadidiski ilikuwa ya gigabiti 3 kwa sekunde, chipseti inajua 1.5 tu na imeshindwa kuelewana nayo. Nikachomeka kijampa (kile kiunganishi kidogo cha pini) kwenye pini mbili kuipunguza kasi, nikawasha, jina la hadidiski likatokea kwenye skrini. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi yule mzee wa duka.

SSD kwa kawaida hazina pini hizo. Kwa hiyo usilipe kwanza. Beba mashine yako mpaka dukani, wachomeke SSD, uingie BIOS mbele yao. Isipoonekana, jaribu kadi ya SATA ya kuchomeka kwenye nafasi ya PCI (ile ya kadi za ziada kwenye madabodi), ila hakikisha mashine inaweza kuwaka kupitia kadi hiyo kabla hujaondoka nayo.