Kabla hujachora mti wa mwani, watafute jamaa zake

Juzi dada mmoja wa Gulu ameniandikia: "Kaka, nimechota mwani kwenye kidimbwi cha kwetu. Nataka kusoma jenomu ya kloroplasti yake (DNA yote ya kile kiungo cha kijani kinachotengeneza chakula kwa mwanga) nijue ni wa ukoo gani. Nianzie wapi?" Nilimjibu mistari miwili, kisha usingizi ukanikataa. Swali hilo nilijiuliza miaka minne iliyopita, na nikakosea mara mbili.

Mara ya kwanza ni Ggaba, mwalo wa Ziwa Victoria pale Kampala. Nilifika mwaloni alfajiri kwa boda, nikakuta maji kijani kama mlango uliopakwa rangi jana, nikajaza chupa sita na kurudi maabara kifua mbele. Pesa ya utafiti ikaishia humo. Data iliporudi, kloroplasti hamna, hata kipande. Nilikuwa nimechota Microcystis, sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Haina kloroplasti, kwa kuwa kloroplasti yenyewe ilitokana na sainobakteria wa kale aliyemezwa na seli nyingine. Yaani nilimfuata mjukuu, nikambeba ndugu wa babu! Na hadubini ilikuwa hatua kumi kutoka mezani kwangu.

Kwa hiyo dada, angalia kwanza. Hadubini kabla ya pesa.

Mara ya pili nilichota kwenye bwawa la samaki la mjomba, Mukono. Vidude vya mviringo, kijani safi, nikaviita Chlorella kwa mazoea, kama wengi wanavyoita kila kiduara cha kijani. Miezi ya kukuza na kusafisha naiacha, haina hadithi. Jenomu ilipopatikana nikaiweka pamoja na nyingine saba nilizopakua, na programu ikachora mti wa ukoo: mwani wangu nje kabisa ya ukoo wa Chlorella, tawi likiwa na alama 100, ya juu kabisa. Nikaamini nimegundua kitu. Nikasimama mbele ya idara, nikakitangaza.

Mwalimu mmoja akauliza, "Jamaa zake wako wapi?" Ukumbi ukacheka. Hata leo nikipita mlango ule nasikia kicheko.

Lakini swali lilikuwa la haki. Kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba ukweni, bwana harusi haji peke yake. Suti iwe nzuri vipi, bila watu wa kwao mazungumzo hayaanzi. Mti wenye jenomu nane hauna wazee wa kutosha. Tawi refu, yaani la kiumbe kilichobadilika sana, lisilo na ndugu wa karibu huweza kuvutwa na tawi jingine refu, na alama 100 haizuii hilo. Inasema tu kwamba kompyuta imerudia jibu lile lile.

Nilipoa kidogo nilipojua kwamba hata wakubwa limewapata. Mwaka 2000 Lemieux, Otis na Turmel wa Kanada walichapisha jenomu ya kloroplasti ya mwani wa kijani Mesostigma viride, herufi 118,360 za DNA, na mti wao ukamweka kabla ya mgawanyiko mkubwa kati ya Chlorophyta, ukoo wa mwani wengi wa kijani, na Streptophyta, ukoo uliozaa mimea ya nchi kavu. Mwaka 2007 walipomwongeza mwani mwingine, Chlorokybus, Mesostigma akahamia ndani ya Streptophyta. Jenomu ni ile ile. Aliyeongezeka ni ndugu.

Nami nikaongeza, nikafika arobaini na mbili. Nikaondoa pia herufi ya tatu ya kila kodoni (kundi la herufi tatu za DNA), maana hubadilika haraka mno mpaka alama za zamani zinafutika. Mwani wangu ukarudi karibu na Chlorella, kimya, bila ugunduzi wowote.

Na usidanganywe na urefu. Kloroplasti ya Ostreococcus tauri ina herufi kama 72,000, ya Chlamydomonas zaidi ya 200,000, ya Volvox zaidi ya 500,000. Ukipanga kwa urefu utamtenga Volvox na Chlamydomonas, nao ni ndugu wa karibu. Kilichomnenepesha Volvox ni vipande vinavyojirudia tu. Vijana wenzangu, tuna haraka. Tunapenda mti kabla ya kujua majani. Tafuteni jamaa, nasema tena, tafuteni jamaa!

Mwezi jana mmoja wa waliocheka siku ile ameniandikia, kwa adabu nyingi, akiomba orodha yangu ya jenomu arobaini na mbili. Nimemtumia. Baada ya siku tisa.