Muulize Mchungaji: "Je, nimelipoteza kusudi langu?"

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na niliamini kabisa kwamba Mungu aliniumba nifundishe. Niliacha kazi ili nimuuguze mama, ambaye kumbukumbu zimempotea. Hata mimi hanijui tena. Namwogesha, namlisha, namjibu swali lilelile kutwa nzima. Juzi kwenye semina mnenaji alisema asiyeishi kusudi lake atadaiwa na Mungu. Tangu hapo usingizi umeniruka. Je, mimi ndiye huyo? Na mama naye, asiyeweza lolote, anaishi kwa kusudi gani? Kuna siku natamani haya yote yaishe. Hiyo nayo ni dhambi?
Binti Mlezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Semina za namna hiyo nimehudhuria nyingi, na huwa natoka na swali moja: mbona mifano yote ni ya watu wenye afya, elimu na nafasi ya kuchagua? Mtume Paulo aliposema, "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana" (Wakolosai 3:23), alikuwa akisema na watumwa. Soma mstari wa 22 uone. Kazi hawakuichagua, wala kuiacha hawakuweza, na bado akawaambia kwamba wanamtumikia Kristo.

Ualimu ni kazi njema, na huenda ukaurudia. Lakini kusudi la mtu ni pana kuliko ajira yake. Katekisimu Fupi ya Westminster, yaani mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, iliyoandikwa 1647, inafungua kwa kuuliza lengo kuu la mwanadamu ni nini, kisha inajibu: kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Hakuna cheo wala kipaji kilichotajwa hapo. Tena sisi wahubiri tunashikilia sana ile nusu ya kwanza, ya kumtukuza, kwa sababu inajaza kamati za kanisa. Ya kumfurahia tunaipita mbio.

Kuhusu mama. Mwanzo 1:27 yasema mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Sura hiyo haisemi kwamba mfano huo unakaa kwenye akili, useme ukifutika jina la binti nao umefutika. Na Marko anaeleza kwamba sauti kutoka mbinguni ilimwambia Yesu "nimependezwa nawe" pale mtoni alipobatizwa, kabla hajahubiri neno wala kuponya mtu. Mama yako anapendwa na Mungu leo, akiwa hivyo hivyo alivyo. Nimewahi kumpelekea ushirika mzee aliyemwita mkewe "yule mama". Nilipoanza Baba Yetu, midomo yake ikanifuata hadi "mkate wetu", ikasimama, ikanidaka tena kwenye "amina". Sijui ndani yake kulikuwa na nini. Mungu anajua, na mimi hilo lanitosha. Jaribu kumwimbia mama nyimbo alizozijua zamani wakati unamwogesha. Asipoitikia, usihesabu kwamba umeshindwa.

Nawe, soma 1 Timotheo 5:4: watoto na wajukuu wajifunze kwanza kutenda mema kwa watu wa nyumbani mwao na kuwalipa wazazi wao, kwa kuwa hilo lakubalika mbele za Mungu. Deni la yule mnenaji silioni popote hapo.

Sasa hilo la kutamani yaishe. Eliya aliomba afe (1 Wafalme 19), na Mungu hakumkemea. Alilala, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akalishwa mara ya pili. Maswali yalikuja baadaye sana. Wewe umechoka, mwanangu. Hujataja ndugu hata mmoja katika barua yako. Kama wapo, waite, uwape siku zao za zamu, na usikubali wakujibu kwa kutuma pesa tu. Kama hawapo, mwambie mchungaji wako waziwazi kwamba unahitaji mtu wa kukaa na mama ili ulale. Na ukiona hamu ya kuishi inakuisha, nenda kwa daktari upesi, usisubiri ibada ijayo.