Fundi Anajibu: Gia mbili bila waya

SWALI: Nimenunua baiskeli ya mitumba mjini Kisumu. Haina waya wa gia wala breki ya mkononi kwa gurudumu la nyuma. Ukirudisha pedali nyuma ndipo inashika. Shida ni kwamba nikiteremka kutoka Kiboswa kwenda Mamboleo, kila nikifunga breki nakuta gia imebadilika. Imeharibika? – Msomaji, Kiboswa

JIBU: Ni nzima kabisa. Habu hizi (kitovu cha gurudumu la nyuma chenye gia mbili na breki ndani yake), iwe Duomatic ya Fichtel & Sachs kutoka Ujerumani au S2C ya Sturmey-Archer, hupokea amri zote mbili kupitia cheni. Ukirudisha pedali kidogo kwa pigo fupi la mguu kisha ukakanyaga mbele, gia inabadilika. Ukirudisha zaidi na kukandamiza, breki inashika. Huwezi kuifikia breki bila kupita pale pa gia, ndiyo maana kila ukifunga breki gia nayo inahama. Ukishaachilia breki, kanyaga mbele kidogo, piga nyuma mara moja, na utarudishiwa gia uliyokuwa nayo. Baada ya wiki moja mguu utafanya hivyo wenyewe.

Gia nyepesi ni ya moja kwa moja: sproketi (kile kisahani cha meno kwenye habu kinachovutwa na cheni) ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Kwenye gia nzito gurudumu huzunguka mara 1.38 kwa S2C, au 1.36 kwa Duomatic. Hakuna alama ya kukuonyesha uko wapi, miguu ndiyo itakuambia. Ukiwa unapanda Riat, badilisha kabla mlima haujaanza kukubana. Ukingoja hadi unakanyaga kwa uzito wote, lile pigo la nyuma linakupotezea mwendo wote uliobaki.

Sasa kuhusu kufunga breki. Weka pedali zikiwa sawasawa, moja mbele na moja nyuma, kisha kandamiza ile ya nyuma kwenda chini. Zikisimama moja juu na nyingine chini, mguu hauna nguvu ya kutosha na baiskeli inakuponyoka wakati unaihitaji zaidi. Kwenye mteremko mrefu kama wako usiishikilie bila kuachia, kwa sababu joto lote linabaki ndani ya habu. Ukisikia harufu ya grisi inayoungua, simama, ngoja ipoe yenyewe, wala usiimwagie maji. Grisi ikishaungua, breki huanza kupiga kelele au kunasa ghafla, na hapo habu lazima ifunguliwe, isafishwe na kutiwa grisi inayohimili joto kali.

Nakuomba sana, funga breki ya mkononi kwa gurudumu la mbele. Siku cheni itakapokatika au kuruka, breki ya nyuma inapotea yote kwa mara moja.

SWALI: Nilizibiwa pancha ya gurudumu la nyuma kando ya barabara. Tangu hapo breki ya pedali inashika kwa kuchelewa, halafu kuna kitu kinagonga upande wa kushoto. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Anza na ule mkono bapa wa chuma unaotoka kwenye habu upande wa kushoto. Lazima ufungwe kwenye bomba la fremu kwa kibanio na boliti, maana ndio unaozuia ekseli isizunguke breki ikishika. Aliyeziba pancha pengine aliuacha umelegea au hakuurudisha kabisa. Usiiendeshe kabla ya kuukaza, kwani mkono ukizunguka unapinda na kuvuruga ekseli.

Kisha pima cheni. Zungusha pedali polepole mpaka upate mahali inapokaza zaidi. Hapo iweze kupanda na kushuka kama milimita 10 katikati. Ikilegea kupita hapo, mguu unatumia safari yote kukusanya cheni kabla breki haijashika, na huko ndiko kuchelewa kwako. Vuta gurudumu nyuma, linyooshe, kaza nati za pande zote mbili, halafu funga mkono ule mwisho.

SWALI: Nabeba magunia kwa baiskeli nyeusi ya inchi 28. Je, naweza kuweka S2C? – Msomaji, Kondele

JIBU: Unaweza, lakini hesabu kwanza matundu ya rimu. Nyingi za baiskeli hizo zina 40 nyuma, na habu yenye matundu 36 haitakubaliana nayo. Utahitaji rimu nyingine na spoku za urefu wake. Na usiweke sproketi ndogo. Ukiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, gia yako nyepesi itakupeleka kama mita 5.4 kwa mzunguko mmoja wa pedali, na hiyo ni nzito mno kwa gunia. Weka 22 nyuma: nyepesi inashuka hadi mita 4.4, na nzito inakupa kama 6.1, inayotosha ukirudi bila mzigo kwenye tambarare ya Kibos.