Anti, usiku ndo muda wangu pekee, niuache?

"Anti shikamoo. Nina miaka 34, nimeolewa, tuna watoto wawili na kazini naenda kila siku. Watoto wakishalala nikamaliza na vyombo inakuwa saa nne usiku, hapo ndo nashika simu, naangalia video, nachati na marafiki mpaka saa saba, na saa kumi na moja alfajiri niko macho tena. Jumapili nafidia, nalala mpaka saa nne asubuhi. Mume wangu anasema lazima kuna mtu nachati nae. Hakuna mtu Anti, ni kupumua tu. Ila siku hizi nasahau vitu, nafokea watoto kwa kitu kidogo, mafua hayaniishi. Masaa manne nimeshazoea, je kuna shida kweli?"

Marahaba mdogo wangu.

Hapo kwenye kuzoea ndo pamenishtua kuliko hata simu, maana hujazoea, umeacha tu kuhisi. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2003, watu waliwekwa maabara wiki mbili, wengine wanalala masaa 6 wengine 4, wakawa wanapimwa umakini na kumbukumbu, basi kila siku wanazidi kushuka mpaka wale wa masaa 4 wakafikia hali ya mtu aliyekesha hata usiku mbili mfululizo, lakini ukiwauliza wanakwambia aah tuna usingizi kidogo tu. Yaani mwenyewe ndo wa mwisho kujua. Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi, wewe unapata nusu na kidogo.

Na hayo mafua wala hujarogwa. 2009 watafiti waliwadondoshea watu virusi vya mafua puani (walijitolea wenyewe, usiniulize kwa nini), wale waliokuwa wanalala chini ya masaa 7 wakaugua karibu mara 3 ya wale wa masaa 8 kwenda juu. Kinga ya mwili inategemea sana usingizi. Presha nayo hushuka ukiwa umelala, sasa ukilala kidogo miaka na miaka moyo haupati ile nafuu yake, ndo maana wasiolala wanahusishwa na presha, kisukari na magonjwa ya moyo. Halafu hujasema ila nahisi usiku unatafunatafuna, ni kwamba usingizi ukipungua homoni ya njaa inapanda na ile ya kushiba inashuka, kwahiyo usijilaumu sana kwa hilo.

Sasa kuhusu mumeo. Piga hesabu, umeamka saa kumi na moja, ikifika saa nne usiku una masaa 17 uko macho, na imepimwa kwamba mtu wa masaa 17 anafanya mambo kama mwenye pombe kidogo kichwani. Ndo mnagombana saa hizo! Mwambie mchana, au wikendi watoto wakiwa wanacheza, na umwambie ukweli kwamba unakesha kwa sababu kuanzia alfajiri mpaka saa nne usiku hakuna hata nusu saa yako. Mi sioni kama tatizo lako ni simu, tatizo ni kwamba siku nzima ni ya watu wengine, ndo unaenda kuiba kwenye usingizi wako mwenyewe. Kwahiyo nikikwambia tu "zima simu ulale" nitakuwa nakuonea. Mwombe achukue vyombo na kulaza watoto siku kadhaa kwa wiki, hiyo saa moja ni yako, chati, angalia video, kaa bure. Akikataa niandikie tena tuongee lugha nyingine.

Ukishapata huo muda wa jioni ndo ugeuke usiku. Usijilazimishe kulala saa nne kesho, utabaki unaangalia dari, rudisha nyuma dakika 15 au 20 kila baada ya siku chache. Simu ilale sebuleni kwenye chaji, nunua saa ya alamu. Kahawa mwisho mchana, maana baada ya kama masaa 5 nusu yake bado inazunguka mwilini. Kule kulala Jumapili mpaka saa nne punguza iwe saa moja zaidi ya kawaida, ukizidisha saa ya mwili inahama, Jumapili usiku usingizi unakataa na Jumatatu unaanza wiki umechoka tayari.

Na kama unaendesha gari usijidai, ukisinzia kwenye usukani paki pembeni, kufungua dirisha na kuongeza mziki hakusaidii.

Ukikaa wiki kama tatu unalala masaa 7 na bado unaamka hoi, au mumeo akisema unakoroma halafu pumzi inakata, nenda kwa daktari. Vidonge vya usingizi usijinunulie, hujakosa usingizi wewe, umeunyima nafasi.