TV ya Mgongo Imezima, Utengeneze ama Uiache?

Usiibebe bado hiyo TV ya zamani yenye mgongo mkubwa. Najua picha ikipotea kitu cha kwanza mtu anafikiria ni kutafuta kijana wa mkokoteni aipeleke kwa fundi, na mimi mara ya kwanza ndivyo nilifanya, nikalipa mkokoteni kwenda na kurudi, nikalipa fundi, na baada ya miezi miwili giza lilikuwa limerudi sebuleni. Mara ya pili nilikuwa nimeelewa kitu, ndio maana naandika hii.

Ziko TV mbili kwa hii stori. Moja ilikuwa yangu, inchi 21, niliinunua mtumba nikianza maisha kule mtaa wa Pipeline, Nairobi. Ya pili ni ya mama, iko Kariobangi South, marehemu baba aliinunua nikiwa darasa la tano na hadi leo inakaa kwa wolyuniti ambayo seremala alipewa vipimo vya huo mgongo wake. Mama hataki kusikia habari ya dijitali, zile TV bapa za siku hizi. Na mimi sitamlazimisha.

Ukweli wenyewe ni huu: ndani ya TV ya mgongo karibu kila kitu kinaweza kubadilishwa isipokuwa tubu. Tubu ndiyo kile kioo kikubwa cha mbele pamoja na shingo yake ya nyuma, na hakuna mtu anatengeneza mpya za TV za nyumbani siku hizi, kwa hivyo fundi akikuambia atakuwekea nyingine ujue ameitoa kwa TV nyingine iliyozeeka kama yako. Tubu ikiwa nzima, tengeneza bila wasiwasi. Tubu ikichoka, weka pesa yako mfukoni.

Na kujua imechoka huhitaji fundi. Iache ilale imezimwa usiku mzima, asubuhi iwashe ukiwa umekaa hapo mbele na uangalie dakika kumi za kwanza. Tubu iliyochoka inachelewa, sauti inakuja lakini picha inakuja polepole kama mtu anapanda ngazi na gunia, na hata ikifika inakaa kama imefunikwa na moshi, nyuso za watu hazina makali, mahali peupe panang'aa kama fedha badala ya kuwa peupe, ama rangi moja inakuwa hafifu mpaka kila mtu anaonekana amepakwa kijani. Yangu ilikuwa hivyo. Fundi akaniambia anaipiga busta, nikampa 2,500. Picha ilirudi kali sana na nilifurahi. Kumbe kuna namna mbili za hiyo kazi, moja ni kuongezea shingo ya tubu umeme ili ipate joto zaidi, ya pili ni kuzungusha tu kifundo. Kwa flaibaki (ile transfoma nyeusi yenye waya mnene unaoenda kwa tubu) huwa kuna vifundo viwili, kimoja cha fokasi na kingine cha skrini, na ukizungusha cha skrini picha inakuwa na mwangaza hata kama tubu ni mgonjwa. Ukiona picha imeng'aa ghafla lakini kuna mistari myembamba imekatiza imelala, na mahali pa giza pamekuwa kijivu, ujue ni kifundo kimezungushwa, hakuna kilichopona. Laiti ningejua hiyo siku.

Sasa zile shida za bei nafuu, na hapa ndio watu wengi wanatupa TV nzuri.

Ya mama ilibaki na mstari mmoja mweupe umelala katikati ya kioo, sauti iko sawa. Ukiuona inatisha juu picha yote imekunjwa ikawa uzi, lakini huo ugonjwa mara nyingi ni IC ya vatiko (kile kichipu kinachotandaza picha juu na chini) ama solda iliyopasuka karibu nayo, na hiyo ni spea ndogo, tena maduka ya Luthuli Avenue yako nayo. Kitu kimoja tu, usiendelee kuiwasha ukisikiliza taarifa na huo mstari upo, unachoma kioo kwa ndani na alama haitoki tena. Mama alikuwa ameambiwa na jirani aiuze kwa wa skrap. Tulilipa 1,200 pamoja na kazi.

Ikiwa imekufa kabisa, hata taa ndogo haiwaki, hasa kama ilizima siku stima ilipotea ikarudi na nguvu, hapo kwa kawaida ni fyuzi, kapasita za pawa ama transista ya laini. Bado inatengenezeka. Ikiwa inazima na kuwaka ukiigonga, ni solda. Ukisikia tatatata ndani na harufu kama ya umeme, sana sana miezi ya Juni na Julai Nairobi ikiwa na baridi na unyevu, ni volti zinaruka kwenye vumbi ama flaibaki imepasuka, zima mara moja. Flaibaki ndiyo inaweza kukula pesa, juu lazima namba yake ilingane, kwa hivyo mwambie fundi akusomee namba na upige simu dukani kwanza kabla hujakubali bei.

Na madoa ya rangi kwenye kona, kijani hapa zambarau pale, huo saa zingine si ugonjwa. Ni wufa. Spika ina sumaku, na ukiikalisha karibu na TV ya mgongo inavuruga rangi. Isogeze mbali, zima TV kwa swichi yake yenyewe si rimoti, ngoja kama nusu saa ipoe, kisha washa, kuna koili ndani inayosafisha kioo kila inapowashwa ikiwa baridi. Rudia mara kadhaa kabla hujalipa mtu.

Kuna wale waliotupa zao 2015 matangazo ya analojia, yale ya kushikwa na eria bila dekoda, yalipozimwa Kenya, wakifikiria hazitashika tena. Dekoda yenye matundu ya waya za AV, ule wa njano wa picha na nyeupe na nyekundu za sauti, inatosha kabisa. Ingia kwa setingi za dekoda uweke 4:3 watu waache kuonekana wamevutwa warefu.

Kuhusu stima, sitakudanganya. TV ya inchi 21 ya mgongo inakula kama wati 80, ya LED ya inchi 32 inaweza kukula nusu ya hiyo. Masaa sita kwa siku ni tofauti ya kama uniti saba kwa mwezi, zidisha na bei iliyo kwa risiti yako ya tokeni uone kama inakuuma. Kwa mama haikumuuma. Mimi najiwekea kipimo hiki: matengenezo yakipita theluthi ya bei ya dijitali ndogo, naacha, hata kama tubu ni nzuri.

Kwa fundi, patana bei kabla hajafungua, mwambie unataka spea ya zamani mkononi, na usiondoke mpaka iwake saa nzima mbele yako. Anayekataa kuiwasha saa nzima ana sababu. Lakini tafadhali usiifungue mwenyewe kwa sababu umeona video, waya wa tubu unabeba kama volti 25,000 na tubu inaweza kubaki na hizo volti hata kama umechomoa plagi.

Yangu ya Pipeline niliipeleka WEEE Centre, wanaoshughulika na taka za elektroniki hapa Nairobi. Kijana wa skrap alikuwa tayari kunipa mia mbili, lakini nilishawaona wakivunja shingo kwa jiwe watoe ile shaba, na hicho kioo kina madini ya risasi, na watoto wa ploti wanacheza papo hapo kwa vigae.

Sasa kama umeangalia dakika zako kumi na tubu iko hai, ibebe. Uzito wote uko mbele, kwa hivyo kioo kiangalie kifua chako, si nje, na kwa gari iweke kiti cha nyuma kioo kikiegemea mgongo wa kiti, na blanketi katikati.