"Mwalimu, lakini ina picha!"

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nafundisha Historia kidato cha pili huku Kilosa. Wanafunzi wanakuja na habari walizoziona kwenye simu za kaka zao, na nikisema ni uzushi wananijibu, "Mwalimu, lakini ina picha!" Shuleni kwetu mwanafunzi haruhusiwi simu. Nianzie wapi?
Mwalimu wa Historia, Kilosa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia hapohapo kwenye picha.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, kijana wangu mmoja hapa Bagamoyo alileta picha ya papa akiogelea barabarani, kando ya gari. Aliapa ni Dar. Sikumwambia ni uongo. Niliichapisha, nikaibandika ubaoni, nikauliza: kaipiga nani? Mtaa gani? Papa apite barabarani Dar, asionwe na mtu mwingine hata mmoja? Wanafunzi ndio waliamua tutafute nini, mimi nikawa mkono wao. Niliipitisha picha kwenye Google Lens, zana ya simu inayotafuta picha ilikotoka, nikawasomea majibu kwa sauti. Kumbe papa yule alikatwa kwenye picha ya Afrika Kusini ya mwaka 2003, alikokuwa akimfuata mtu ndani ya mtumbwi. Mwaka 2011 alisemwa yuko Puerto Rico, 2017 Houston. Darasa zima liliguna.

Simu moja ya mwalimu inatosha kabisa. Wasichokuwa nacho ni mazoea ya kutoka nje ya habari na kuuliza wengine wanasemaje. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa tovuti za kupima wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho na wahakiki wa habari 10. Wanahistoria wengi, watu wa fani yetu wewe na mimi, walibaki wakisoma ukurasa uleule, wakavutwa na nembo na mpangilio mzuri. Wahakiki waliuacha upesi, wakafungua kurasa nyingine kujua mwenye tovuti ni nani. Kwa hiyo usiwachoshe watoto kwa kukagua tahajia na nembo. Mzushi naye anajua kuandika vizuri.

Ila kuna jambo lililoniuma, nawe ujihadhari nalo. Baada ya kipindi kile nilimsikia binti mmoja akiwaambia wenzake kwamba hata tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ni uzushi kama papa. Baba yake ni mvuvi. Hidaya kilikuwa cha kweli, na upepo wake ulikuwa njiani. Nilimwita, tukafungua pamoja taarifa ya TMA, tukaona nani kaitoa, tarehe gani, na vyombo vingine vinasema nini. Akaniomba ruhusa apige simu nyumbani, nikampa simu yangu.

Tangu siku hiyo, nikipeleka habari tatu darasani, mbili huwa za kweli.