Java inakufa kimya kwenye seva ndogo: usinunue RAM kwanza

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Una mfumo wa Java wa kupokea kahawa za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), uko kwenye seva ya kukodi ya GB 2 pamoja na kanzidata ya MySQL humo humo. Siku za mzigo mwingi mfumo unapotea ghafla, logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) inakatika bila kosa lolote, na wakulima wawili watatu salio lao haliendani na daftari la karani. Mmoja hapo juu kakwambia upandishe `-Xmx` (kikomo cha hipu, yaani eneo la RAM ambamo Java huweka objekti, data za programu) hadi 1536m, mwingine kasema Java mlafi, hamia lugha nyingine. Mimi niko Mbeya, nahudumia mifumo ya aina hiyo hiyo, wateja wengi wako Mbozi na Rungwe. Huo ushauri wa kwanza, tafadhali, usiufuate leo.

Tutenganishe vifo viwili. Kuna JVM, yaani programu inayoendesha msimbo wa Java, kushindwa yenyewe: hapo logi inaandika `OutOfMemoryError: Java heap space`, na mara nyingi mchakato unabaki hai ukichechemea. Halafu kuna kuuawa na Linux: mashine ikiishiwa RAM, keneli (kiini cha Linux) inachagua mchakato wa kutoa kafara, kwa kawaida ule ulioshika kumbukumbu nyingi, na kuupiga signali ya 9. Signali hiyo haina kuaga. Java haipati nafasi ya kuandika hata mstari mmoja, ndiyo maana logi yako inakatikia njiani. Andika `journalctl -k | grep -i killed`. Ukiona jina la java pale, mtuhumiwa umempata. Kwa wanaotumia kontena (kama za Docker), namba ya kutokea (exit code) inakuwa 137, yaani 128 jumlisha 9.

Sasa angalia: kama anayeua ni Linux, kupandisha hipu ni kumrahisishia kazi.

Sababu iko kwenye namna Java inavyokimbia. Faili lako la .java linageuzwa na javac (kompaila ya Java) kuwa baitikodi (amri zisizofungwa kwa prosesa moja), na JVM ndiyo inayoisoma kwenye mashine ya mwisho. Ndiyo maana jar (furushi la programu) uliyoitengeneza kwenye laptop ya Windows inawaka kwenye Linux bila kuguswa. Mwanzoni JVM inatafsiri amri moja moja. Ikiona methodi fulani inaitwa mno, inaikabidhi kwa kompaila ya JIT igeuzwe kuwa lugha ya prosesa yenyewe. (Kwa hiyo mfumo uliowashwa asubuhi kuwa mzito kwenye mizigo ya kwanza kisha kuchangamka si ugonjwa.) Kazi hiyo yote inalipiwa RAM, na hailipiwi kutoka kwenye hipu. Msimbo uliopikwa na JIT una eneo lake. Maelezo ya klasi yanakaa Metaspace, ambayo tangu Java 8 ya mwaka 2014 iko nje ya hipu na haina kikomo usipoiwekea. Kila thredi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) ina staki yake (eneo la kazi inayoendelea), kwa kawaida MB 1 kwenye Linux ya biti 64, ingawa keneli huitoa kidogo kidogo kadiri inavyotumika. Tomcat (seva inayopokea maombi) iliyomo ndani ya Spring Boot (fremu ya kujengea mifumo ya Java) inaruhusu thredi hadi 200. Bado bafa za mtandao, bado mahitaji ya mzoa taka mwenyewe (garbage collector, anayefuta objekti zisizofikika tena). `-Xmx` inajenga ukuta kuzunguka hipu peke yake, hivyo vingine vyote vinalala nje ya ukuta. Ukitoa MB 1536 kwenye GB 2, hao wengine na MySQL wanagombania MB mia tano.

Usipoandika chochote, JVM inajiwekea robo ya RAM kuwa kikomo cha hipu, yaani karibu MB 512 kwako, na wala si kiwango kibaya cha kuanzia. Mimi ningeiandika wazi `-Xmx512m`, nikaweka na `-XX:MaxMetaspaceSize=192m`, nikashusha thredi za Tomcat hadi 40 hivi. AMCOS yenye makarani wachache ina haja gani na thredi 200? Swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 1 nayo iwepo, kwa dharura tu.

Ukishabana hivyo, huenda ukaanza kuona `OutOfMemoryError` ambayo zamani hukuiona. Usiogope, hiyo ni afadhali, maana sasa kosa linasema jina lake. Washa `-Xlog:gc` (ipo tangu Java 9) uache ikimbie siku nzima ya kupokea mzigo. Utaona maandishi kama `214M->96M(512M)`. Maana yake: kabla ya kuzoa taka hipu ilikuwa na MB 214, baada ya kuzoa zimebaki 96, na hipu nzima kwa sasa ni 512. Wengi wanakodolea macho namba ya kushoto, ile kubwa. Iache ipande, hiyo ndiyo kazi yake. Objekti nyingi huzaliwa na kufa ndani ya ombi moja, na mzoa taka anazifagia kwa bei rahisi kwenye eneo la vijana, yaani la objekti mpya. Wewe fuatilia iliyobaki baada ya mshale. Asubuhi 96, saa sita 170, jioni 310, na hata mzoa taka akipita hipu nzima haishuki: kuna kitu mmekishikilia.

Maana mzoa taka haulizi kama unahitaji objekti. Anauliza kama inafikika, akianzia kwenye staki za thredi zilizo hai na sehemu za static, akifuata kila kiungo. Objekti mbili zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe huku hakuna anayezifikia kutoka nje zinazolewa bila tatizo. Ila risiti uliyoitupia ndani ya `static Map` ili karani aweze kuichapisha tena haitazolewa hadi mfumo uzimwe, hata kama mkulima keshafika kwake Vwawa na keshaisahau. Hii nimeikuta kwenye mifumo mingi kuliko hitilafu nyingine yoyote, na dawa yake haihitaji hela: `jcmd` ukiipa namba ya mchakato na neno `GC.class_histogram`, inakupangia klasi kwa ukubwa. Ichukue asubuhi na jioni. Klasi yako mwenyewe, tuseme Risiti, ikitoka mia kadhaa hadi makumi elfu bila kurudi, umeshajua pa kwenda. Kuita `System.gc()` kila dakika hakusaidii kitu hapo.

Kuhusu salio, hilo halihusiani na RAM kabisa, na kwangu ndilo zito zaidi kwa sababu ni pesa ya mtu. Mkulima ana 180,000. Karani wa mizani anamwingizia 90,000 za kahawa, sekunde hiyo hiyo ofisi inamkata 60,000 za mkopo wa mbolea. Zilipaswa kuwa 210,000. Lakini thredi zote mbili zimesoma 180,000. Ya ofisi inaandika 120,000, ya mizani inaandika 270,000 juu yake. Makato yameyeyuka, na kila karani anaapa aliona "imefanikiwa" kwenye kioo chake. Wote wanasema kweli.

Kuna aliyekushauri uweke `synchronized` (kufuli la Java linaloruhusu thredi moja kwa wakati). Haitoshi, na sababu ni ya kijanja kidogo. Kwenye Spring, methodi yenye `@Transactional` (alama ya kuiendesha kama muamala mmoja wa kanzidata) inazungushiwa kifuniko kwa nje; kufuli la `synchronized` linafunguka methodi inapoisha, ilhali muamala unathibitishwa baadaye, kwenye kifuniko. Katika mwanya huo thredi nyingine inaingia na kusoma salio la zamani. Na siku ukiwasha seva ya pili, kufuli la JVM moja halijui lolote kuhusu JVM nyingine. Mwachie kanzidata ndiye mwamuzi: `UPDATE wakulima SET salio = salio - 60000 WHERE id = ? AND salio >= 60000`, kisha angalia ni safu mlalo ngapi zimeguswa. Sifuri maana yake salio halikutosha. Safu wima ya toleo yenye `@Version` (namba inayopanda kila rekodi inapobadilishwa) nayo inafaa, ila uwe tayari kurudia muamala uliogongana. Mimi napenda zaidi kutotunza salio kabisa: tunza miamala, salio lipatikane kwa kujumlisha. Wakaguzi wa ushirika wakija, utajibu maswali yao ukiwa umekaa.

Ukiwa humo, pitia klasi zako za huduma. Spring inaunda moja tu na kila ombi linaitumia hiyo hiyo, kwa hiyo `SimpleDateFormat` iliyowekwa kama sehemu ya klasi itakupa risiti zenye tarehe za ajabu, tumia `DateTimeFormatter`. `HashMap` inayoguswa na thredi nyingi iwe `ConcurrentHashMap`. Na `volatile` inahakikisha thredi inaona thamani mpya, haiifanyi `hesabu++` kuwa hatua moja.

Jambo moja hukulitaja ila nahisi linakuja, kwa hali ya mtandao wa huku kwetu: mfumo kuganda huku mchakato uko hai. Mara nyingi ni ombi la SMS lililotumwa bila muda wa kikomo. Laini inakata, thredi inangoja, ya pili inangoja, mpaka zote zimekwisha. `jstack` (kifaa cha kuorodhesha thredi) itakuonyesha zote zimesimama kwenye mstari uleule. Weka kikomo cha sekunde chache, na utumaji wa SMS uutoe nje ya muamala wa kanzidata. Thredi pepe (thredi nyepesi) za Java 21 zinapunguza gharama ya kungoja, lakini miunganisho ya HikariCP (hifadhi ya miunganisho ya kanzidata) kwa kawaida ni 10 tu. Ukiishikilia ukingoja SMS, hata thredi laki moja zitapanga foleni pale.

Weka hapa majibu ya `journalctl`, mistari michache ya `-Xlog:gc` ya asubuhi na ya jioni, na ile orodha ya klasi. Picha nzima ya hipu (heap dump) usiiweke jukwaani hata ukiombwa: ndani yake mna majina, namba za simu na salio la kila mkulima aliyekuwa kwenye kumbukumbu wakati huo, na yeyote mwenye kifaa cha kuifungua atayasoma.